Ua Lililoitwa Mama Siaeli

Enzi zetu, sisi tuliokwenda shule na kidumu cha maji mkono mmoja na fagio mkono wa pili, na bado tukachapwa kwa kuchelewa, hatukuhitaji saa ya kutuamsha. Tuliamshwa na maji. Kule kwetu Masama mfereji ulipita juu kidogo ya nyumba, katikati ya migomba na mibuni. Usiku kucha maji yalikusanywa kwenye bwawa la juu, tuliloliita nduwa, na alfajiri lilipofunguliwa yalikuja yakisukuma majani makavu mbele yake, na sisi tuliokuwa tumejikunyata chini ya blanketi moja tukajua ndoo zinatungoja. Siku hizi nakaa Rau, bomba liko jikoni. Likikatika saa moja tu, mjukuu wangu ananiuliza kama tutahama.

Ninyi wa rika langu mnanielewa. Mnaukumbuka ule ukungu wa mwezi wa saba, unaukohoa kabisa, na sweta iliyofumwa na shangazi ikiwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Mnakumbuka kunyonya kahawa mbivu shambani huku ukiangalia nyuma, maana baba alikuwa akijua kwa kukutazama midomo tu. Tulikalia gome la mgomba tukateleza nalo mteremkoni mpaka kaptula na magauni yakatoboka, halafu jioni tukapigwa kwa ajili ya matobo hayo, halafu kesho tukarudi palepale. Tulikula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, tukanuna, tukala mtori wa ndizi tukacheka. Rede tulicheza kwa mpira wa matambara. Leo unamnunulia mtoto mpira wa dukani, anaupiga picha anauacha sebuleni. Jamani!

Lakini nikikaa peke yangu jioni, kinachonijia kwanza si mtori wala rede. Ni harufu ya ua moja la mama.

Mama yangu aliitwa Mama Siaeli, kwa sababu Siaeli ni mimi, mtoto wake wa kwanza. Alipenda maua kupita kiasi, na hilo kule kwetu lilikuwa jambo la kushangaza. Kihamba, yaani lile shamba la ukoo tulimokaa na kuzikana, ni mahali pa ndizi, kahawa, magimbi na majani ya ng'ombe. Ukipanda kitu kisichoingia chunguni wala horini, jirani anakuuliza kama umeshiba sana. Mama hakujali. Alipanda kila alichookota, kwenye makopo ya mafuta, kwenye sufuria iliyotoboka, hata kwenye kiatu cha baba cha mguu wa kushoto, baba alipokuwa bado anakitafuta.

Msimu wa kuchuma kahawa mama alikwenda kibarua kwenye shamba kubwa kule chini. Nyumba ya meneja ilikuwa na bustani, na kando ya bomba la bustani hiyo paliota ua refu lenye majani mapana na maua meupe pe. Akamzoea mtunza bustani, akamwomba. Siku hiyo alirudi na kitu kwenye upindo wa kanga, kimefungwa kwa jani la mgomba. Akakifungua mbele yetu: kipande cha mzizi kilichovimba kama tangawizi, kina udongo bado.

Baba akauliza, "Kinaliwa?"

Mama akasema, "Kinanukia."

Baba akaenda zake kwa ng'ombe.

Mtunza bustani alikuwa amemwambia kwamba linapenda maji, basi mama akalipanda pale ambapo mfereji uliingia kihambani kwetu. Weee! Mwaka ule ule likanipita urefu. Ua lenyewe lilikuwa jembamba la petali, utadhani kipepeo ametua juu ya jani, na mchana halikuwa na maneno. Jua lilipoanza kushuka ndipo liliponukia. Harufu ilikuja mpaka jikoni, ikachanganyika na moshi wa kuni na ndizi zinazochemka, na mama alikuwa akiacha mwiko akasimama mlangoni kidogo, amefumba macho. Tulimcheka. Leo ningetoa chochote nimwone amesimama vile.

Hakuna aliyejua jina la ua lile. Mtunza bustani mwenyewe alikuwa akiliita "hilo jeupe". Wanawake walipoanza kuja kuliomba wakalipa jina la mwenyewe. "Nenda kwa Mama Siaeli, mwambie anipe Mama Siaeli kidogo." Na mama alitoa. Kwetu mwanamke akikuomba mbegu au mche humnyimi, na mama hata asiyeomba alimpa. Kila msichana aliyeolewa pale kijijini aliondoka na mzizi kwenye kikapu. Altare ya kanisa letu, ambayo zamani ilipambwa kwa matawi ya mwerezi tu, ikawa nyeupe kila Jumapili, na padri akasema mimbarini kwamba kijiji chetu kinanukia kama mbinguni. Mama alirudi nyumbani siku hiyo anatembea polepole ili watu wamwone. Nami shuleni nilikuwa mtoto mwenye ua. Tukicheza harusi, bibi harusi lazima avae Mama Siaeli kichwani, na mimi ndiye niliyeamua nani awe bibi harusi. Mnaweza kukisia ni nani aliyeolewa mara nyingi zaidi.

Miaka ikaenda. Nikasoma, nikapata kazi ya ualimu Moshi mjini, nikaolewa, nikazaa. Nyumbani nikawa narudi kama Wachagga wote tunavyorudi, mwezi wa kumi na mbili, na mizigo mingi na haraka nyingi. Na kila nilipopanda mlima mwezi wa kumi na mbili niliona Mama Siaeli limeshuka zaidi. Kwanza lilikuwa kwetu na kwa majirani. Kisha likawa kando ya mfereji wote, kushoto na kulia. Kisha likawa bondeni, mtoni, mahali ambapo hakuna mtu aliyepanda kitu. Mimi nilifurahi. Nilifungua dirisha la gari nikawaambia wanangu, "Nuseni, hilo ni la bibi yenu."

Wenye mfereji hawakufurahi. Mizizi ile ilishikana chini ya maji kama mkeka, inabana kingo, inakusanya tope. Magimbi yaliyokuwa yakiota kando ya maji yakafunikwa yakaisha. Ng'ombe hawakutaka hata kulinusa. Watu wa kihamba cha mwisho walikaa zamu yao nzima na jembe mkononi wanangoja maji ambayo hayafiki. Ikapigwa pembe ya msaragambo, kila nyumba ikatoa mtu wa kufukua mfereji, wakang'oa, wakakata, wakatoa jasho. Mvua iliyofuata likarudi nene kuliko mwanzo.

Hapo ndipo jina lilipogeuka. Watu walirudi kutoka mferejini wameshika viuno, na walikuwa wakisemezana njiani, bila ubaya wowote, jinsi mtu anavyolisema gugu.

"Leo nimemng'oa Mama Siaeli mpaka mgongo umekatika."

"Huyo Mama Siaeli hafi! Unamkata leo, kesho kasimama."

"Achomwe moto tu huyo."

Na mama yangu alikuwa nyuma ya ua wa migomba anakata majani ya ng'ombe, anasikia kila neno.

Mwenyekiti wa mfereji wakati huo alikuwa Baba Elia, jirani yetu wa juu, mtu mchapakazi mwenye mdomo usio na mlango. Katika mkutano wa wenye maji alisimama akasema, mama akiwa amekaa palepale na wanawake wenzake, "Babu zetu walichimba mfereji huu kwa mikono. Amekuja mwanamke mmoja na maua yake, akauziba." Watu wengine walicheka. Mama alikunja kanga yake akaondoka.

Tangu siku ile hakupita tena njia ya mferejini kwenda kanisani. Alizunguka njia ya barabara, ndefu na ya vumbi, na miguu yake ilikuwa imeanza kumsumbua. Maua ya altare aliacha kupeleka. Nilipokuja nikamkuta ameinama pale maji yanapoingia kwetu, peke yake na panga, anachimba mizizi. Nikamwambia, "Mama, acha, tutamtafuta kijana." Akaendelea kuchimba.

Kisha akasema, "Siaeli, mimi nimezaa, nimelima, nimemzika mume wangu vizuri. Sitaki kufa jina langu likiwa la gugu."

Lilikuwa jina lake na lilikuwa jina langu pia, na nilirudi Moshi siku hiyo nikalia kwenye basi mbele za watu.

Sasa niwaambie jambo ambalo hakuna mtu aliyeliona, kwa sababu lilikuwa desturi. Kule kwetu kitu usichokitaka kihambani unayapa maji yakibebe. Majani makavu, maganda, vipande vya migomba vilivyooza, vyote vinatupwa mferejini baada ya zamu, maji yanapeleka. Ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo kila msaragambo walipong'oa yale mashina, waliyakatakata vizuri, wakayapa maji, wakanawa mikono wakaenda kunywa mbege. Mama naye alifanya hivyohivyo na panga lake.

Baba Elia alikuwa na binti aliyeolewa tambarare, huko wanakolima mpunga na mahindi kwa maji yanayotoka kwetu mlimani. Akashuka kumwona mjukuu mpya. Asubuhi wakampeleka shambani, na mferejini akaona maua meupe, mengi, yamesimama kila mahali. Akauliza wanaliitaje hapa.

Mkwewe akasita, mzee wa watu ni mgeni. Lakini jirani mmoja mwenye jembe akajibu, "Hilo? Tunaliita Gugu la Mlimani. Limetoka kwenu huko. Nyie watu wa mlimani mnatufungia maji, halafu mnatuletea na takataka zenu."

Baba Elia mwenyewe ndiye aliyetusimulia, maana pamoja na mdomo wake wote hakuwa mwongo. Alisema aliinama akaokota kipande kilichokwama kwenye kingo, akaona upande mmoja umekatwa kwa panga, na kutoka palepale penye jeraha limechipua jipya. Alisema alikaa chini kwenye matope na suruali yake ya ugenini.

Mimi nilikuwa nyumbani siku alipokuja. Ilikuwa asubuhi, mama yuko mlangoni anamenya ndizi za mtori, mimi napepeta mchele. Tukaona wazee watatu wanaingia kwa njia kuu, Baba Elia mbele, wamevaa makoti, na mkononi mwa Baba Elia kuna isale. Kama wewe si wa kwetu, isale ni lile jani refu la kijani tunalolipanda mipakani na kwenye makaburi ya wazee wetu. Mchagga akija nalo mlangoni amekuja kuomba msamaha, na hata kama alikuchomea nyumba huwezi kumfukuza. Mama akaliona jani, kisu kikamponyoka.

"Mama Siaeli," akasema Baba Elia, na sauti haikuwa ile ya mkutanoni, "nimekuja kwa ajili ya mdomo wangu."

"Karibuni mkae," akasema mama.

"Sitakaa mpaka nimalize. Wewe ulipanda mzizi mmoja, kwako, kwa sababu unanukia. Sisi wengine ndio tuliopanda uliobaki. Miaka yote hii tunakata, tunayapa maji, tunasema tumeng'oa. Tumewapandia watu mpaka tambarare. Nimetukanwa huko, Mama Siaeli. Nilipotukanwa ndipo nilipojua nilikutukana."

Akalitoa jani kwa mikono miwili. Mama akalitazama. Mimi moyo wangu ulikuwa unasema asilipokee upesi, amwache asimame kidogo juani. Mimi ndiyo roho yangu hiyo, sijifichi. Lakini mama alifuta mikono kwenye kanga, akalipokea.

"Na tunaomba ruhusa," akaongeza Baba Elia. "Lote litoke. Lakini tuanzie hapa kwako, lilikoanzia, na hatuwezi kuingia kihambani kwako bila neno lako."

Mama aligeuka akaliangalia shina lake la kwanza, pale maji yanapoingia. Lilikuwa na maua siku hiyo. Halafu akasema, "Ng'oeni. Ila mkimaliza, msiliite tena kwa jina langu. Liiteni gugu kama magugu mengine. Mimi mniachie jina langu."

"Tumekubali," wakasema wote watatu.

Kabla wageni hawajaondoka, mama aliingia mwenyewe kule, akakata maua yale yote, akayatia kwenye ndoo ya maji, akaiweka mezani ndani. Nyumba ilinukia mpaka yaliponyauka. Mzizi ule mama hakuuangalia ukitoka. Alikaa jikoni na mtori wake, akasema moshi unamwumiza macho.

Kazi ilifanywa msimu hadi msimu. Safari hii hakuna kilichotupwa majini. Kila mzizi ulibebwa kwa kikapu mpaka kwenye mwamba mkubwa ulio juani, ukaanikwa mpaka ukakauka, ukachomwa. Watoto wa shule walikuja, padri alikuja, hata vijana wa bodaboda walikuja, ingawa nusu ya muda walikuwa wanajipiga picha na majembe, nyuso zimeng'arishwa na simu mpaka mama zao wasiwatambue. Na Baba Elia akaweka faini: atakayetamka Mama Siaeli akimaanisha gugu, atatoa mbege kwa wafanyakazi wote. Basi ikawa vituko. Mtu anafungua mdomo, "Hapa kuna Mama..." anaushika kwa kiganja, wenzake wanamwangalia kwa kiu. Mbege ilinyweka mwaka ule, msiseme! Mwaka uliofuata ilinyweka kidogo. Baadaye ikawa hakuna anayekosea tena.

Mama akarudi njia ya mferejini. Alikwenda kanisani na fimbo yake, na wanawake waliokuwa wakifua walisimama kumwamkia, "Shikamoo, Mama Siaeli," naye alikuwa anaitikia marahaba ndefu, ndefu kuliko ilivyohitajika. Alikufa akiwa hana deni na mtu moyoni. Tulimzika kihambani, na Baba Elia, ambaye tayari alikuwa hatembei vizuri, aliletwa ameshikiliwa akatupa udongo.

Sasa nikipanda mlima mwezi wa kumi na mbili, mambo ni mazuri. Nasema ukweli. Maji yanafika kihamba cha mwisho. Magimbi yamerudi kando ya mfereji. Tambarare hawatutukani, au kama wanatutukana ni kwa mengine. Enzi zetu tulikuwa na harufu na hatukuwa na maji, siku hizi tuna maji, na mtu mwenye akili anajua kipi kinachonywewa. Lakini jioni ikifika, jua likianza kushuka na jikoni ndizi zinachemka, mimi husimama mlangoni na hakuna kinachokuja. Natamani harufu ile mpaka kifua kinauma. Vitukuu wa mama wako ndani na simu zao, na hakuna hata mmoja anayejua kuna kitu kimepungua hewani.

Krismasi iliyopita nilitembea mferejini na Neema. Neema ameolewa na mtoto wa mdogo wangu wa kiume, ndiye anayekaa kihambani sasa, binti mwenye adabu na mikono ya kazi. Tukiwa tunapita pale maji yanapoingia kwetu, akainama ghafla, akavuta kitu kutoka kwenye tope. Shina changa, majani mapana mawili, na chini kipande cha mzizi kilichovimba.

"Nini hicho?" nikamwuliza, ingawa nilishajua.

"Gugu tu, shangazi. Huwa linatokea mara mojamoja."

"Lina jina?"

Akafikiri. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, maskini. "Hapana. Tunaliita gugu."

Nikasimama. Ndivyo mama alivyotaka. Alilipia kwa machozi, akapewa, na watu wa kwetu wameshika neno lao mpaka mtoto wa watu aliyekuja juzi hajui. Wanawake waliokuwa wakimwamkia mferejini wengi wamelala makaburini. Na mimi mji mzima wananiita Mwalimu, hakuna anayelitamka tena jina lile.

Nikamwambia, "Nipe, nitalipeleka mwenyewe kwenye mwamba. Wewe nenda kaangalie chungu."

Nikapanda nalo. Njiani nilivunja jani nikalinusa, nikapata harufu ya ubichi tu, halikuwa bado na umri wa kuchanua. Nikaliweka juu ya jiwe, mizizi ikitazama jua kama inavyotakiwa. Nikatazama huku na huku kuhakikisha hakuna mtu. Halafu nikalitamka, kwa sauti, ili nilisikie tena kule kwetu.

"Mama Siaeli."

Nikangoja kidogo, kisha nikateremka kula.